Gramu Mia Nne za Kila Siku

4 Februari

Baba,

Shikamoo. Mimi ni mzima, isipokuwa miguu, ambayo zamu ikiisha huwa kama nimeiazima. Natumaini mgongo wako umetulia na sikio la kulia bado linafanya kazi ya mawili. Ningepiga simu, lakini mara ya mwisho nilikuuliza umekula nini ukanijibu "Alhamisi," nikajua barua ndiyo njia yetu.

Kaka amenipigia. Anasema msimamizi wa nyumba amemwandikia kwamba pipa lako linanuka, nzi wamehamia kwa majirani, na panya ameonekana mchana akipita uani bila haraka. Kaka anataka uhamie kwake. Ameshatoa vitu kwenye chumba cha nyuma. Hakusema kwa ubaya, Baba, lakini alisema kama mtu aliyekwisha kuamua. Nimemwomba miezi mitatu. Amekubali kwa sharti moja: msimamizi mwenyewe aandike na kutia saini kwamba kwako ni pasafi. Saini isipopatikana kufikia mwanzo wa Mei, gari linakuja.

Sitaki uhame. Umekaa humo miaka thelathini na moja, na mama alifia humo. Lakini simwoni kaka kuwa mkorofi. Pipa likinuka linanuka.

Kazi yangu unaijua kwa jina tu, kwa hiyo nikueleze. Sahani zikirudi kutoka wodini, mimi ndiye ninayesimama kwenye mlango wa jiko la hospitali. Kila wodi ina ndoo yake. Nakwangua makombo, napima, naandika, ndipo sahani ziende kuoshwa. Nilipoanza, jiko lilikuwa likitupa kilo tisini kwa siku. Sasa ni thelathini na nne. Hatukumhubiria mtu. Tulipima, tukaona kwamba wodi ya wazazi wanabakiza uji kwa sababu unawafikia umepoa, tukabadilisha saa ya kuupakua.

Nakuomba ufanye vivyo hivyo. Weka ndoo tatu nyuma ya mlango wa jiko. Ya kwanza iwe ya maganda: ya viazi, ya ndizi, ya mayai, na majani ya chai. Ya pili iwe ya chakula kilichopikwa kikabaki. Ya tatu iwe ya vingine: mifuko, makopo, karatasi. Kila jioni pima, andika, uniletee. Wewe uliyekagua mizani za soko zima huwezi kuniambia huna kifaa.

Nikiwaza, hakuna jipya hapa. Mama alikuwa na ndoo mbili na kila mtu alijua ipi ni ipi. Maji ya kuoshea mchele yalikwenda kwenye mboga. Maganda yalikwenda kwa mbuzi wa jirani, na jirani alileta maziwa siku akikumbuka. Kopo tupu likawa kipimo cha maharage, au kichwa cha mwanasesere wangu. Sikumbuki hata siku moja akitaja mazingira. Alisema tu, "Usinitupie kitu kabla hujaniuliza." Siku niliyotupa nusu ya kiazi alinirudisha jalalani nikaitafute. Niliipata, nikaiosha, ikapikwa, nikaila peke yake mbele ya kaka aliyekuwa akicheka. Mpaka leo nikimenya kiazi, ganda langu ni jembamba kama karatasi.

Anza kesho, tafadhali.

Mwanao,
Chiriku


19 Februari

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Mgongo upo. Sikio la kulia linasikia mengi kuliko ninavyotaka, hasa tangu jirani anunue redio.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikasirika, mara ya pili nikatafuta ndoo. Kaka yako angeweza kuniandikia mwenyewe, ana mikono. Lakini habari ya pipa ni kweli.

Bibi Funguo, kama mlivyozoea kumwita msimamizi, na sasa nami namwita hivyo akiwa mbali, alikuja kusimama mlangoni na kitambaa puani. Akasema ananiheshimu kama baba yake, lakini hata baba yake angemwambia. Akadai kwamba kabla ya pipa langu hapakuwa na panya. Nikamwambia panya yule ni mpangaji wa zamani kuliko sisi sote, ila siku hizi anakula vizuri. Hakucheka. Aliondoka na funguo zake zikilia kiunoni hadi mwisho wa ua.

Nimetumia mizani ndogo ya sahani mbili, ile niliyoitengeneza mwaka niliostaafu na mwenyewe hakurudi kuichukua. Niliijaribu kwanza kwa mawe yangu ya kupimia. Inakosea chini ya gramu mbili. Nimeambatanisha orodha ya siku kumi. Kwa kifupi, wastani wa siku ni huu: maganda, gramu mia tatu na kumi. Vilivyopikwa, mia nne na ishirini. Vingine, tisini na tano. Sikujua kwamba mtu mmoja anaweza kutupa kiasi hicho bila kusafiri wala kualika watu.

Uliyoandika juu ya mama yako na kiazi ni kweli, ila hukuona mwisho wake. Alipokuacha unakula, alitoka nje hadi kwenye kamba ya nguo, akacheka mpaka akashika mlingoti, kisha akarudi ndani na uso wa hakimu.

Sasa niambie maganda niyapeleke wapi. Mbuzi wa jirani hawapo, na jirani mwenyewe hayupo. Palipokuwa na zizi pamejengwa vyumba vinne.

Baba yako


7 Machi

Baba,

Shikamoo. Nimepona mafua niliyoambukizwa na jiko zima. Nafurahi kwamba wewe hujambo, na kwamba umekasirika mara moja tu.

Maganda yanataka pipa bovu la bati. Lile lililokuwa likikinga maji ya mvua nyuma ya bafu, lililotoboka, ndilo hasa. Ongeza matundu machache chini na ubavuni. Weka safu ya maganda, kisha safu ya majani makavu au karatasi zilizochanwa, unene wa vidole vinne, kisha maganda tena. Geuza kwa kijiti mara moja kwa wiki. Likinuka, limelowa, ongeza makavu. Likikaa vilevile bila kubadilika, limekauka. Limwagie maji ya mchele. Chakula kilichopikwa kisiingie hata kijiko. Hicho ndicho kilichomlea yule panya wako.

Sasa nina swali. Orodha yako niliitazama wakati wa chai, kisha nikaitazama tena nikiwa nimesimama, na chai ikapoa. Maganda yanapanda na kushuka, kama inavyopaswa: kuna siku ya ndizi na siku ya viazi. Vingine navyo hivyohivyo. Lakini soma mwenyewe safu ya vilivyopikwa. 415, 430, 420, 410, 425. Ni hivyo kwa siku kumi.

Kazini nikiona hivyo najua si uzembe. Uzembe hauna mpangilio. Leo unatupa kilo, kesho hutupi kitu. Namba ikijirudia, nyuma yake kuna mtu. Mwaka jana wodi moja ilikuwa ikirudisha kipande kimoja cha nyama kila mchana. Tulipofuatilia tukakuta kitanda kimebadilishiwa mgonjwa, huyo mpya hali nyama, na jikoni hatukuambiwa.

Unapimaje mchele, Baba?

Mwanao,
Chiriku


24 Machi

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Pole kwa mafua. Mimi sina ugonjwa wa kuandikia.

Napima vikombe viwili.

Mlipoondoka nyote, mama yako alikuwa akipima vikombe viwili, kimoja chake na kimoja changu, na maharage kadiri ya viganja viwili. Alipougua na kushindwa kusimama, aliketi kwenye kiti mlangoni mwa jiko, nami nikapika kwa kufuata mdomo wake. Osha mara tatu. Maji yafike kifundo cha kwanza cha kidole. Punguza moto ukisikia wali umenyamaza. Nilikuwa sijapika tangu nioe, na katika miezi mitano nikajua kupika kitu kimoja vizuri. Siku za mwisho alikuwa akiniambia ameshiba kabla sijapakua, nami nikipakua tu. Alinifundisha chakula cha watu wawili. Cha mtu mmoja hatukukizungumza.

Barua yako ilipofika nilipika kama kawaida. Nikapakua changu nikakipima, kisha nikapima kilichobaki sufuriani. Tofauti ilikuwa gramu sita. Kwa mwaka mmoja na miezi miwili nimekuwa nikipika chake, nikikifunika, nikikiacha hadi asubuhi, kisha nikikimwaga. Mimi, niliyekuwa nikimrudisha muuzaji nyumbani na mizani yake kwa kosa la gramu kumi.

Nimejaribu kikombe kimoja. Sufuria yetu ni pana, maji yalikauka haraka. Juu mchele mbichi, chini ukoko. Bibi Funguo alisikia harufu akaja mbio akidhani nyumba inaungua. Alipoona ni wali alinitazama, akatazama sufuria, akaondoka. Akarudi na sufuria yake ndogo. Alisema ni ya kuazima, si ya kupewa, na kwamba ana idadi ya vyombo vyake.

Pipa la mboji limekaa nyuma ya bafu. Nimelitoboa matundu ishirini na nne. Bibi Funguo wako alilinusa kama mtu anayejaribu maziwa, akasema, "Hili halina neno." Kwa kadiri ninavyomjua, hizo ni sifa.

Baba yako


9 Aprili

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima. Barua yako niliisomea stoo ya viazi, kwa kuwa ndiyo yenye mlango unaofungika.

Sina la kukufundisha juu ya vikombe viwili. Huku kwangu bado nakunja mifuko ya plastiki pembetatu, kama mama alivyotaka, ili itumike tena. Nina droo mbili zimejaa. Naishi peke yangu na mifuko ya kutosha soko.

Kwa sufuria ndogo, weka maji kidogo zaidi ya kifundo na ufunike tangu mwanzo. Kikibaki kidogo, kipoze, kifunike, kiwe kiporo cha asubuhi. Usikiache mpaka mchana. Kaka nimemwambia mambo yanakwenda vizuri. Akauliza kama bado una lile koti la kahawia. Sijui kwa nini.

Zimebaki wiki tatu na nusu.

Mwanao,
Chiriku


3 Mei

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Huku ni salama.

Bibi Funguo ametia saini jana. Aliandika "pasafi" na kupiga mstari chini yake. Karatasi nimemtumia kaka yako. Panya amehama.

Wastani wa wiki mbili: maganda, gramu kumi na nane. Vilivyopikwa, sifuri. Vingine, gramu nne.

Sufuria nimeirudisha kwa mwenyewe, nimeisugua hata alidhani si yake. Hali ya hewa ni nzuri. Sina zaidi.

Baba yako


14 Mei

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima. Safari hii sikuulizi juu ya mgongo.

Kaka amepokea karatasi. Amesema sawa, mzee abaki. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyetuliwa mzigo, na nilipaswa kufurahi pamoja naye. Badala yake nilikwenda kazini nikachemsha chai.

Nilichemsha vikombe viwili, nikachuja majani, nikayapima yakiwa yamelowa. Gramu kumi na nane. Kisha nikachukua mfuko wa mkate, nikaupima. Gramu nane. Kwa mfuko mmoja kila baada ya siku mbili, wastani ni gramu nne kwa siku. Safari hii hukuambatanisha orodha, Baba, na sasa naona kwa nini.

Nikueleze jambo ambalo jikoni kwetu hatulisemi kwa wageni. Wakati fulani kulikuwa na mama mmoja, kitanda cha kumi na moja. Kila siku sehemu yake ya makombo ilikuwa sifuri. Tulimsifu. Tuliandika ubaoni kwamba kitanda cha kumi na moja hakitupi hata punje. Baada ya wiki tatu muuguzi mkuu akashuka jikoni mwenyewe, na si mtu wa kushuka, akatuuliza nani anamlisha mgonjwa yule. Kumbe alikuwa akimwambia mpakuaji, "Leo sijisikii, mwanangu, wape wengine." Sahani ambayo haikupakuliwa nayo inarudi safi. Tangu siku ile napima na maganda ya jikoni, kwa sababu mtu anayekula ana maganda. Ana ngozi ya kitunguu. Ana ganda la yai.

Wewe huna. Na sufuria umeirudisha.

Kule kwenye stoo yako kuna ile mizani ya magunia. Panda juu yake, kisha uniandikie namba moja tu. Kaka sijamwambia kitu.

Mwanao,
Chiriku


11 Juni

Baba,

Shikamoo. Ni mwezi sasa sijapata jibu. Nilimpigia Bibi Funguo kwa kisingizio cha kumshukuru. Anasema uko, unatembea, na kwako ni pasafi kuliko kwake. Nilimuuliza kama anasikia harufu ya chakula. Akafikiri. Akasema, "Kwa kuwa umeniuliza, sijaisikia siku nyingi."

Najua unachokihofia. Nikinyamaza, unabaki nyumbani kwako, kaka ana karatasi yake na hakuna atakayekuuliza kitu. Nikisema, gari linakuja. Mimi ndiye niliyekuletea ndoo tatu, na mimi ndiye niliyekupa sababu ya kutopika. Hilo nalibeba kila siku ninapopima.

Nakusubiri mpaka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo nitamwambia kaka, na utanikasirikia mara nyingi utakavyo.

Mwanao,
Chiriku


27 Juni

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Nimechelewa kwa makusudi.

Kilo hamsini na moja na gramu mia nne. Nimevua viatu na koti. Kadi ya kliniki ya mwaka jana inasema sitini na tatu. Mizani niliijaribu kwa mawe mara tatu kabla ya kupanda, nikitumaini ni mbovu. Si mbovu.

Nikueleze ilivyokuwa. Vikombe viwili vilikuwa kazi. Nilikuwa nampikia mtu, hata kama sikujua. Kwa kikombe kimoja nilikuwa nampikia mzee mmoja tu, na mzee huyo namfahamu, hana makuu, ukimwambia leo ni chai atasema haya. Siku ya kwanza nilisema nimechoka. Siku ya pili nikaona ndoo ya vilivyopikwa haina kitu, nikaandika sifuri, na sifuri ile ikapendeza kwenye daftari. Ya tatu sikuhitaji hata sababu. Bibi Funguo alipita, akavuta pumzi mlangoni, akasema, "Mzee, umebadilika." Nikajibu kwamba mtu huzaliwa mara mbili. Nilijiona mjanja.

Nimekagua mizani za sokoni miaka thelathini na minane. Watu hudhani mwizi huharibu mizani. Wajinga ndio wafanyao hivyo. Mwerevu huacha mizani yake ikiwa sahihi kabisa, akakukaribisha uitazame. Yeye hucheza na kile asichokiweka juu yake. Niliwakamata wengi wa aina hiyo, na sikuwahi kumwonea huruma hata mmoja. Kwa hiyo barua yako ya Mei ilipofika niliiweka chini ya redio yangu, na kwa wiki sita nilikuwa nikiinua redio na kuirudisha.

Namba zilizo hapa juu nimemwandikia kaka yako pia, jana, kwa mkono wangu. Hukuwa na haja ya kunishtaki, na sikutaka ubebe hilo. Atakuja na gari. Nyumba nimeipoteza, na sikuipoteza kwa sababu ya pipa.

Usilie stoo. Viazi vikilowa vinaoza.

Baba yako


30 Agosti

Mwanangu Chiriku,

Marahaba, na unisamehe kwa ukimya. Anwani iliyo nyuma ya bahasha utaitambua. Niko kwa kaka yako, ghorofa ya nne, chumba cha nyuma, dirisha linatazama ukuta. Ukuta wenyewe ni mzuri.

Alikuja Jumamosi asubuhi. Nilidhani atakuja na maneno. Aliketi jikoni akaniomba nimtajie ile namba tena, kama vile hakuisoma. Nikamtajia. Akainamisha kichwa, akasema, "Baba, mimi nilikuwa nagombana na pipa." Tukafunga godoro. Kisha akaniletea koti la kahawia kutoka kwenye msumari, akanivisha kama nilivyokuwa nikiwavisha nyinyi siku za baridi, akafunga hata kifungo cha juu ambacho sikifungi. Jua lilikuwa kali. Nilimwacha.

Bibi Funguo hakutaka kuagana. Alijishughulisha na kufuli la lango ambalo halikuwa na tatizo lolote, akalifungua na kulifunga mpaka gari likawaka. Mizani ya magunia nimemwachia. Kabla ya kutoka nilifunua pipa la mboji. Chini kabisa pamekuwa udongo, mweusi, haunuki kitu. Nalo nimemwachia. Ghorofa ya nne udongo ni uchafu tu.

Ninakula. Wifi yako anapakua kama anawapakulia wachimba visima, na wajukuu wanaitazama sahani yangu mpaka iishe, nadhani wameagizwa. Kilo ni hamsini na sita kwa mizani ya duka la dawa la hapo chini, ambayo inazidisha gramu mia mbili. Nimewaambia. Hawakufurahi.

Naikumbuka nyumba. Nikiamka nanyoosha mkono kutafuta mlango upande ambao hauko. Mchana nasikia maji ya bomba la humu nadhani ni mama yako anaosha mchele, na huwa nasubiri kidogo kabla ya kukumbuka. Sikuandikii haya ili unionee huruma. Mwezi wa Mei sikuambatanisha orodha, hii ndiyo kamili.

Sasa nikupe habari za pipa la humu. Kaka yako, aliyeshtushwa na langu, la kwake linajaa kila siku kabla ya saa kumi. Nusu ya mkate. Wali wa jana. Nyanya iliyolegea upande mmoja, imetupwa nzima. Kila kitu kimefungwa kwenye mfuko, na mfuko ndani ya mfuko. Kwa siku kumi na moja sikusema neno, maana nyumba ya mtu haina mkaguzi. Siku ya kumi na mbili nilisimama mbele yake nimeinua kifuniko, wifi yako akaingia na kapu la nguo. Akauliza, "Baba, umepoteza kitu?"

Nikamwambia, "Hapana, mwanangu. Natafuta pa kuanzia."

Nilidhani atakasirika. Aliweka kapu chini, akavuta kigoda, akaketi, akachungulia ndani pamoja nami. Tulichungulia kwa muda, kama watu wanaotazama kisima. Kisha akasema mkate unatupwa kwa sababu ananunua miwili, na ananunua miwili kwa sababu ndivyo mama yake alivyokuwa akinunua. Kwao walikuwa kumi. Aliposema hivyo akawa anahesabu kwa vidole waliobaki.

Sikumharakisha. Alipomaliza tukaanza na mkate.

Baba yako